Nyaraka za Ukoo wa Johnson wa Natchez na Waliozitunza

Mwaka 1938 wazao wa William Johnson, kinyozi wa mji wa Natchez katika jimbo la Mississippi, waliiuzia maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana shajara ambayo babu yao aliiandika kuanzia mwaka 1835 hadi alipouawa mwaka 1851. Shajara hiyo ina juzuu 14 na kurasa zaidi ya 2,000, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa zilizoachwa na mtu huru mwenye asili ya Kiafrika aliyeishi Kusini ya Marekani enzi za utumwa. Pamoja nayo, kwa mafungu yaliyofika kwa nyakati tofauti, chuo kilipata madaftari ya hesabu, stakabadhi, hati za madeni, barua, karatasi za mirathi na vikaratasi vingine vya nyumbani, ambavyo kwa ujumla vinaanzia mwaka 1793 na kuishia mwaka 1937.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya wanaume wawili: kinyozi aliyekuwa na bidii ya kuandika kila siku, na mtunza nyaraka wa chuo, Edwin Adams Davis, aliyetambua thamani ya kile alichowekewa mezani. Kati ya kuandikwa kwa ukurasa wa mwisho na kuuzwa kwa shajara ilipita miaka 87, na ndani ya muda huo hakuna chuo, jumba la makumbusho wala ofisi ya serikali iliyozitunza karatasi hizo. Zilitunzwa nyumbani, kwa sehemu kubwa na wanawake, kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na historia. Naona kwamba asiyezielewa sababu hizo hawezi kueleza kwa nini nyaraka za ukoo huu zilisalia, wala kwa nini zilisomwa nusunusu hata baada ya kufika mahali salama.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo iliyoamua ni karatasi ipi ya kutunzwa na ipi ya kutupwa. Katika Mississippi ya wakati huo mtu mwenye asili ya Kiafrika alihesabiwa kuwa mtumwa mpaka athibitishe kwamba ni huru, na mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wake mwenyewe, si wa anayemtuhumu. Sheria ya mwaka 1831 iliwataka Weusi huru wenye umri wa kati ya miaka 16 na 50 wahame jimbo hilo ndani ya siku 90, isipokuwa wale ambao mahakama ya kaunti ingewapa leseni ya kubaki baada ya kuridhika na mwenendo wao. Kwa shinikizo la namna hiyo idadi yao, ambayo haikuwa kubwa tangu mwanzo, ilizidi kupungua: sensa ya mwaka 1840 iliwahesabu 1,366 na ile ya mwaka 1860 iliwahesabu 773 tu, katika jimbo lililokuwa na watumwa 436,631. Louisiana, ng'ambo ya mto Mississippi, mwaka huohuo wa 1860 ilikuwa na Weusi huru 18,647, na huko mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine uliorithiwa kutoka utawala wa Wafaransa na Wahispania. Mthibitishaji wa hati alibaki na hati ya asili ofisini mwake, parokia za Kikatoliki ziliandika ubatizo na ndoa kwenye rejista, na mtu aliyepoteza nakala yake aliweza kuomba nyingine. Mkazi wa Natchez hakuwa na kinga hiyo. Akipoteza karatasi yake, ameponzeka.

Tazama jinsi familia hii moja ilivyopata uhuru wake. Amy, mama yake William, aliachwa huru mwaka 1814, na hati yake iliandikwa Vidalia, upande wa Louisiana, kwa kuwa Mississippi iliubana mno mlango wa kuwaacha watumwa huru. Aliyemwacha huru ni bwana wake, mzungu ambaye naye aliitwa William Johnson, na wanahistoria kwa kawaida humchukulia kuwa ndiye baba wa watoto wa Amy. Adelia, dada yake William, aliachwa huru mwaka 1818 huko Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, upande wa kaskazini mwa nchi. William mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1809, alipata uhuru mwaka 1820 akiwa mtoto wa miaka 11, na kwa upande wake ilibidi bwana wake alipelekee ombi Bunge la Mississippi, nalo likapitisha sheria kwa ajili ya mtoto huyo. Mama mmoja na watoto wake wawili walipata uhuru katika majimbo matatu, kwa taratibu tatu, na kila mmoja kwa karatasi yake. Hapakuwa na ofisi hata moja duniani ambayo ingeweza kutoa kumbukumbu kamili ya familia hii. Mahali pekee ambapo karatasi hizo tatu zingeweza kulala pamoja ni nyumbani mwa wenyewe, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtafiti wa koo za Weusi huru anapaswa kulielewa kabla hajakata tiketi ya kwenda kwenye hifadhi yoyote ya serikali.

William alifundishwa ukinyozi na shemeji yake James Miller, Mweusi huru kutoka Philadelphia aliyemwoa Adelia mwaka 1820. Baada ya kufanya kazi kwa muda katika mji wa Port Gibson, alirudi Natchez mwaka 1830 akanunua duka la Miller katika barabara ya Main. Wateja wake walikuwa wazungu: mawakili, wafanyabiashara na mabwana wa mashamba ya pamba. Aliwanyoa, aliwaendeshea nyumba ya kuogea, aliwakopesha fedha kwa riba, na kila jioni aliandika. Mtu anayefungua shajara hiyo akitarajia siri za moyo atasubiri sana, kwa sababu nyingi ya kurasa ni habari za nani amepigana na nani, farasi gani ameshinda mbio, biashara ya leo imekuwaje na fulani anadaiwa kiasi gani. Tahajia yake ni ya mtu anayeandika kama anavyosikia. Lakini shajara na madaftari ya hesabu vinakwenda sambamba, na hapo ndipo penye utajiri: tukio lililoandikwa upande mmoja mara nyingi lina tarakimu yake upande wa pili.

Kuna maandiko yanayoonyesha thamani ya shajara hiyo na ugumu wake kwa pamoja. Johnson, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa na watumwa wake, na mmoja wao aliitwa Steven, mlevi aliyekuwa akitoroka mara kwa mara na kuadhibiwa kila aliporudishwa. Mwishoni mwa Desemba mwaka 1843 Johnson alimuuza. Aliandika kwamba siku hiyo ilikuwa ya huzuni kubwa na kwamba machozi yalimlengalenga kwa sababu ya kumuuza maskini Steven. Siku ya mwaka mpya wa 1844 aliandika kwamba amempa Steven kanda za kushikia suruali, soksi na sigara mbili, wakashikana mikono, kisha akamwangalia akipanda chombo kwa mara ya mwisho. Anasema aliumia, lakini kilevi ndicho kilichomponza. Hakuna daftari la hesabu ambalo lingetuachia hayo yote, na hakuna mtu anayesoma kurasa hizo akaendelea kudhani kwamba historia ya Weusi huru ni habari ya ushujaa mtupu.

Mwaka 1841 mji wa Natchez uliingiwa na wasiwasi juu ya Weusi huru, na wakuu wakaanza kuitekeleza kwa ukali ile sheria ya leseni. Johnson aliifananisha hali hiyo na mahakama za kuwahukumu wazushi za Ulaya ya kale. Aliandika jinsi Weusi huru walivyokuwa wakikimbia huku na huko mjini wakiwa na maombi mikononi, wakitafuta saini za wazungu wenye majina ili waruhusiwe kubaki walipozaliwa, jambo ambalo aliliona kuwa karibu la kuchekesha. Kicheko hicho ni cha mtu aliyejua kwamba wateja wake wangemtilia saini. Wengine hawakuwa na kiti cha kinyozi cha kuwakalisha wazungu, na wao wakatolewa nje ya jimbo pamoja na karatasi zao. Tunapolalamika kwamba koo fulani za Weusi huru hazikuacha kitu, tukumbuke kwamba watu waliofukuzwa hawaachi masanduku nyuma.

Tarehe 16 Juni 1851 Johnson alipigwa risasi kutokana na ugomvi wa mpaka wa shamba, na baada ya saa chache akafariki. Kabla ya kukata roho alimtaja aliyempiga kuwa ni jirani yake Baylor Winn. Kesi iliyofuata ni somo zima juu ya uzito wa kumbukumbu za nasaba. Walioshuhudia walikuwa Weusi, mmoja wao akiwa mtoto wa marehemu, na sheria ya Mississippi haikumruhusu Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Kwa hiyo swali mbele ya mahakama halikuwa tena nani aliua, bali Winn alikuwa mtu wa asili gani. Winn alishikilia kwamba ukoo wake wa Virginia ulikuwa na damu ya kizungu na ya wenyeji wa asili wa Marekani, wala hakuna damu ya Kiafrika. Upande wa mashtaka uliojaribu kuonyesha vinginevyo haukufanikiwa, kesi ikasikilizwa zaidi ya mara moja bila hukumu, na mwishowe Winn akaachiwa. Familia ya Johnson, iliyotumia maisha yake yote kukusanya karatasi za kuthibitisha yenyewe ni nani, ilikosa haki kwa sababu karatasi za mtu mwingine hazikutosha kuthibitisha yeye ni nani.

Mjane wake, Ann Battle, ambaye naye alizaliwa utumwani, alibaki na watoto wengi, mdogo kabisa akiwa amezaliwa mwaka huohuo wa mauaji. Ni katika hatua hii ambapo karatasi zilinusurika, na ni hatua ambayo masimulizi ya kawaida huiruka. Mwanamke Mweusi anayesimamia mirathi katika mji wa watumwa alihitaji kila stakabadhi: nani anadaiwa na marehemu, nani amekwisha kulipa, mpaka wa shamba unapita wapi, ni mwanagenzi yupi amefungwa kwa mkataba na hadi lini. Shajara yenyewe ilikuwa na kazi, kwa kuwa humo mna tarehe za mikopo na mapatano ambayo hayakuandikwa popote pengine. Msomaji wa pwani aliyewahi kuiona hati ya shamba ikilala pamoja na cheti cha ndoa ndani ya sanduku la bibi hatahitaji kuelezwa zaidi. Ann aliendesha mali hiyo hadi alipofariki mwaka 1866.

Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, hati ya uhuru haikuwa tena na nguvu yoyote kisheria, kwa maana kila mtu sasa alikuwa huru, na ndipo koo nyingi zilipoacha kuzitunza hati hizo. Ukoo wa Johnson haukufanya hivyo. Nyumba yao katika barabara ya State, iliyojengwa kwa matofali yaliyookotwa kwenye majengo yaliyobomolewa na kimbunga cha mwezi Mei mwaka 1840, ilibaki mikononi mwao. Mabinti kadhaa wakawa walimu, wakaishi humo, na karatasi zikabaki chini ya paa lilelile. Kukaa mahali pamoja kwa zaidi ya karne moja kuna nguvu kubwa kuliko nia njema ya mtu yeyote. Ningethubutu kusema kwamba kumiliki nyumba kumeokoa nyaraka nyingi za Weusi wa Marekani kuliko hifadhi zote za nchi hiyo zikiunganishwa, na kwamba familia za wapangaji, hata zilipokuwa na karatasi nzurinzuri, zilizipoteza kwa kuhamahama.

Kwa kulinganisha, tuangalie ukoo wa Ellison wa Stateburg, South Carolina. William Ellison alizaliwa mtumwa mwaka 1790, akajikomboa mwaka 1816, akawa fundi wa mashine za kuchambua pamba, na kufikia mwaka 1860 alikuwa na watumwa 63. Barua za ukoo huo zilipatikana mwaka 1935 na wasichana wa kizungu waliokuwa wakicheza uvunguni mwa nyumba ambayo hapo zamani ilikuwa ya Ellison, na zilichapishwa mwaka 1984 na wanahistoria Michael P. Johnson na James L. Roark. Hazikutunzwa, ziliokotwa. Ni barua chache zenye thamani kubwa, lakini msomaji anazisoma bila madaftari ya hesabu yanayoelezea fedha zinazotajwa humo. Natchez tuna vyote viwili, na tofauti hiyo ni ya mikono iliyozishika karatasi.

Sasa turudi mwaka 1938. Chuo kilichonunua shajara hakikuwa kikiwapokea wanafunzi Weusi. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1950 kwa amri ya mahakama, kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria, na mwanafunzi Mweusi wa kwanza wa shahada ya awali aliingia mwaka 1953. Kwa hiyo wazao wa Johnson waliikabidhi urithi wao taasisi ambayo isingewaandikisha watoto wao. Siwalaumu kwa kuuza. Karatasi zinaliwa na unyevu na wadudu, hali ya hewa ya Natchez ni ya joto la majimaji, na familia ilikuwa na haki ya kupata fedha kwa mali yake. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni sharti ambalo leo familia yoyote yenye ushauri mzuri ingelidai, yaani nakala kamili irudi kwa wazao na kwa mji ulikotoka mkusanyiko, na wazao wawe na kauli katika namna karatasi zao zitakavyopangwa na kuelezwa.

Kupangwa na kuelezwa si jambo dogo la makarani. Davis na mwenzake William Ransom Hogan waliichapisha shajara mwaka 1951, miaka 100 kamili baada ya mauaji, nayo ikawa chanzo kinachotumiwa na kila anayeandika juu ya Natchez. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Lakini ndani ya mkusanyiko huo mlikuwa pia na barua za wanawake wa ukoo, zilizopita kati ya Natchez na New Orleans, ambako tawi la Adelia lilihamia. Barua hizo ni za magonjwa, nguo, fedha, malezi ya watoto na kusengenya ndugu, yaani mambo yote ambayo shajara ya kinyozi inayagusa kwa nadra. Zilichapishwa na Virginia Meacham Gould mwaka 1998, miaka 47 baada ya shajara, ingawa zilikuwa hifadhini zikisubiri. Wanawake waliotunza ndio waliosomwa mwisho. Tatizo halikuwa uhaba wa nyaraka wala ukatili wa sheria, ila mazoea ya kuchagua katika rundo la karatasi kile kinachofanana na kitabu, kisha kuyahesabu yaliyobaki kuwa viambatisho.

Liko tatizo la pili, na hili naliona zito zaidi. Kwa wazao wa watu waliomilikiwa na Johnson, mkusanyiko huu huenda ukawa ndio alama pekee ya babu zao iliyosalia. Steven anaonekana humo si kwa sababu alikuwa na hati bali kwa sababu aliyemmiliki alikuwa na kalamu. Mtunza nyaraka anayeandaa faharasa ya majina ya ukoo wa Johnson peke yake, akawaacha watumwa ndani ya kifungu cha mali, anarudia hesabu ileile ya mirathi ya mwaka 1851. Faharasa inayostahili ni ile inayomwandika kila mtu aliyetajwa kwa jina, pamoja na tarehe na ukurasa, awe kinyozi, mwanagenzi au mtu aliyenunuliwa. Ni kazi ya kuchosha na isiyo na sifa, lakini mtafiti wa nasaba anayetafuta jina moja tu atanufaika nayo kuliko na utangulizi wowote wa kitaalamu.

Katika muongo wa 2010 maktaba ya chuo hicho iliongoza mradi wa pamoja na taasisi kadhaa za New Orleans wa kuziweka katika mfumo wa kidijitali nyaraka za familia za Weusi huru, na karatasi za Johnson zikawa sehemu ya mradi huo. Huko Natchez kwenyewe, kwa miaka mingi wanafunzi wa mwanahistoria Ronald L. F. Davis kutoka California walishirikiana na Historic Natchez Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya mji huo, kusafisha na kupanga majalada ya zamani ya mahakama za kaunti ya Adams, yaani kaunti ya Natchez, ambamo Weusi huru wanaonekana wakidai madeni na kushtaki kwa majina yao wenyewe. Mtu anaweza sasa kuliona deni likiandikwa kwenye daftari la kinyozi upande mmoja, na upande mwingine kumsaka mdaiwa huyohuyo katika jalada la mahakama. Muunganiko huo haukuwezekana mwaka 1951, na ninaamini ndio utakaobadilisha zaidi tunachokijua kuliko kugunduliwa kwa shajara nyingine.

Nyumba ya barabara ya State ilitoka mikononi mwa familia katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 1990 imewekwa kisheria chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani kama sehemu ya hifadhi ya kihistoria ya Natchez, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Karatasi ziko Baton Rouge, mji wa Louisiana kilipo chuo, yaani jimbo jingine. Nakala za kidijitali zinamwezesha mgeni aliyesimama sebuleni mwa Ann kusoma kilichoandikwa humo, na hilo ni jambo kubwa, lakini haziondoi ukweli kwamba mkusanyiko uliokaa pamoja na nyumba yake kwa miaka 87 umetenganishwa nayo, na kwamba orodha ya chuo bado inautambulisha kwa jina la William Johnson kwanza, na la familia baadaye.